Kalamu Ibaki Mkononi Mwake: Somo kwa Kijana Anayeanza Kuwaelewesha Wenzake Chuoni



Muhula unaanza, na najua baadhi yenu mmeshaombwa. Labda mhadhiri alikuita baada ya kipindi akakwambia, "Wewe ulipata A kwenye somo langu, wasaidie wadogo zako." Labda katibu wa tawi la TMCS alisimama baada ya Misa akatangaza kwamba wanatafutwa watu wa kukaa na mwaka wa kwanza jioni. Au hakuna aliyekuomba rasmi, ni vile tu watu wamezoea kukugongea mlango usiku wa kuamkia testi. Umekubali, na sasa unajiuliza uanzie wapi. Somo la leo ni lako.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kuliko yote.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja upande huu wa Arusha. Kijana wa mwaka wa kwanza alinifuata maktaba, mpole, mtoto wa huku huku Meru. Mama yake anauza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, na ada yake ilitoka kwenye mikungu hiyo. Alikuwa anasumbuliwa na uhasibu. Tukapanga kila Alhamisi saa kumi na moja jioni. Akija na swali, mimi nachukua kalamu. Naandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku nikieleza kwa sauti. Yeye anatikisa kichwa: "Nimeelewa kaka, asante kaka." Napiga mstari chini ya jibu, tunaagana. Nilijiona nafanya kazi ya Mungu kabisa.

Kazi za muhula alipata 31 kati ya 40. Mtihani wa mwisho alipata 14 kati ya 60. Sapu.

Nilikutana naye kituoni tukisubiri kifodi cha Tengeru, na hakunilaumu hata kidogo, ingawa ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema hivi: "Kaka, ukiwa umekaa pale naiona njia yote. Ukiondoka sijui pa kuanzia." Safari nzima nilikuwa natazama migomba dirishani nikijua nani hasa alifanya yale maswali ya Alhamisi. Akifeli na sapu anarudia mwaka, na mama yake aanze kuhesabu mikungu upya.

Ndugu zangu, tunavyofundishana vyuoni kuna namna mbili. Ya kwanza wote mnaijua: pindi. Mtihani umekaribia, kipanga mmoja anasimama mbele na chaki, ukumbi umejaa, watu mpaka madirishani, anapitia madesa ya muhula mzima kwa saa tatu. Siidharau pindi, imewaokoa wengi, na mimi ni mmoja wao. Ila pindi humsaidia yule ambaye tayari ana kitu kichwani na anahitaji kukipanga. Yule ambaye hana pa kuanzia anatoka pale na picha kumi na mbili za ubao kwenye simu, amechoka zaidi ya alivyoingia.

Namna ya pili ni kukaa pembeni ya mtu. Hiyo haina shangwe, hakuna anayekupigia makofi, na ndiyo ninayotaka tuizungumzie.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 8, soma habari ya Filipo na yule Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake. Mara nyingi tunaisoma kama habari ya ubatizo, na ni kweli. Leo isome kama mtu anayejifunza kazi hii. Yule bwana si mjinga. Ni afisa mkubwa, anajua kusoma, na kitabu anacho mkononi. Anachokosa ni mtu wa kumwongoza. Filipo anakimbia mpaka kwenye gari, na kabla ya kusema lolote anasikiliza mwenzake anasoma nini. Kisha anauliza kama anayaelewa anayoyasoma. Hapandi garini mpaka aalikwe. Akishapanda anakaa pamoja naye, na anaanza na andiko lile lile ambalo mwenzake alikuwa ameshalifungua, wala hamrudishi ukurasa wa kwanza ili aonyeshe anavyojua Isaya yote. Kazi ikiisha Filipo anaondoka, na yule bwana anaendelea na safari yake kwa furaha, akiwa peke yake.

Mimi na kijana wangu nilikuwa nimepanda garini, nikamsukuma pembeni, nikashika hatamu.

Basi nilimwomba tukae tena, wiki zile za kusubiri sapu, na safari hii tukawekeana sharti moja: kalamu ibaki mkononi mwake. Siku ya kwanza alileta swali la uchakavu wa mali. Nalieleza hapa kwa Kiswahili: mtu amenunua bodaboda kwa shilingi 2,400,000, anatarajia kuitumia miaka 4, kisha aiuze kwa 400,000. Uchakavu wa kila mwaka ni kiasi gani? Yeye aligawa 2,400,000 kwa 4, akapata 600,000. Mkono wangu uliruka wenyewe kutaka kusahihisha. Nikaukalia.

"Niambie umefanyaje."

"Nimegawa bei kwa miaka."

"Sawa. Miaka minne ikiisha, hiyo bodaboda iko wapi?"

"Ameiuza."

"Kapata ngapi?"

"Laki nne." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Niliona kama dakika tano zimepita, kumbe labda sekunde kumi. "Sasa kaka... hiyo laki nne haijachakaa. Imerudi mfukoni."

"Kwa hiyo kilicholiwa ni ngapi?"

"Milioni mbili. Gawa kwa nne... laki tano kila mwaka." Halafu akacheka. "Mbona ni kama biashara ya mama tu?"

Hakuhitaji kufundishwa kugawanya. Alihitaji mtu wa kumuuliza bodaboda iko wapi.

Lile suala la kunyamaza msilichukulie kirahisi. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aliyeitwa Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vya walimu, akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia jibu mwenyewe au kumpa mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na yalikuwa na hoja, na hata wale wakimya wakaanza kusema. Sekunde tatu! Jaribu leo. Uliza swali, halafu hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Utaona zilivyo ndefu. Anayezoea kukaa kimya mbele ya Ekaristi ana mtaji hapa, autumie.

Kabla hujakaa na mtu

Chagua somo moja. Moja tu, lile ulilofaulu vizuri na ambalo unakumbuka bado lilikuumiza wapi. Aliyeelewa bila shida mara nyingi haoni mwenzake amekwama wapi. Aliyehangaika akatoka ndiye anayejua kona zake. Kisha nenda kwa mhadhiri anayelifundisha sasa. Gonga, msalimie, mwambie unachotaka kufanya, umwombe mpango wa masomo wa muhula na mitihani ya nyuma. Wengi watafurahi. Muulize pia mpaka uko wapi: kazi zipi mnaruhusiwa kuzijadili pamoja na zipi mwanafunzi lazima afanye peke yake. Usipouliza hili mwanzoni, siku moja utajikuta unaandika kazi ya mtu yenye alama, na huo ni wizi hata ukianza kwa Ishara ya Msalaba.

Kuna jambo jingine zuri la kujifunza kutoka mbali kidogo. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City huko Marekani, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Mwanafunzi aliyekwisha kufaulu kozi fulani anarudi kukaa darasani na wale wanaoisoma sasa, anasikiliza tena mihadhara ile ile, kisha kila wiki anawaongoza wanaopenda kujifunza pamoja. Wazo lililonigusa ni kwamba wanalenga kozi ngumu, hawalengi wanafunzi dhaifu. Yaani tangazo halisemi "wanaofeli njooni." Linasema "kozi hii ni ngumu kwa wote, karibuni." Anakuja mwenye B na anakuja mwenye E, na hakuna anayejua nani ni nani.

Kwetu hili ni la maana sana, maana tuna neno baya chuoni, kilaza, na linamshikamanisha mtu mpaka anamaliza. Ukibandika karatasi inayosema unasaidia waliofeli, hatakuja mtu. Watakuja ukiandika jina la kozi, siku, saa na mahali. Na waliokuja, mambo yao yaishie hapo hapo. Ukienda kusimulia bwenini kwamba fulani hajui hata asilimia, umemwua, na wengine watasikia.

Mahali pawe pa wazi: maktaba, darasa lililo tupu na mlango uko wazi, meza za nje ya kafeteria. Si getoni. Kaka, usikae na dada chumbani kwako "kwa ajili ya somo", na wewe dada vivyo hivyo. Hata kama mioyo yenu ni safi kama theluji ya Kilimanjaro, linda jina lake na lako. Saa iwe ile ile kila wiki, na ukisema saa kumi na moja, uwepo saa kumi na moja, hata mvua ya Aprili ikinyesha na watu wawili tu ndio wamefika.

Lugha

Hapa ndipo nimeona watu wengi wakikwama, na sijaona likisemwa vya kutosha. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, tukaingia sekondari ghafla ni Kiingereza. Kwa mwenzetu aliyetoka Longido au Ngorongoro, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, ya nyumbani ni Kimaasai. Kwa hiyo mtu anapokuambia "sielewi uhasibu," au "sielewi umeme," usikubali haraka. Mwombe akusomee swali kwa sauti, kisha akuambie kwa Kiswahili linataka nini. Mara nyingi utagundua hesabu anaiweza, ila neno moja la Kiingereza katikati ya swali limemfunga.

Basi mfungulieni kwa Kiswahili. Bodaboda, mikungu ya ndizi, mchezo wa upatu, vyote ni halali. Lakini msiishie hapo, na hapa vipindi vyetu vingi hukosea. Mtihani utakuja kwa Kiingereza. Mkiachana kwenye Kiswahili umempeleka mtu katikati ya mto Themi ukamwacha humo. Mimi huacha dakika kumi za mwisho: funga daftari, sasa nielezee jambo lile lile kwa Kiingereza chako, kibovu hivyo hivyo, sisahihishi sarufi. Wanaona aibu wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu wanaanza kucheka wenyewe, na wakianza kucheka wameshazoea.

Ukiwa mdogo kuliko unayemwelekeza

Vyuo vyetu vina watu wazima. Watumishi wameomba ruhusa kazini waje kuongeza elimu, kuna wazazi wenye watoto wa umri wako. Muhula mmoja nilikaa na mama aliyekuwa amefanya kazi serikalini miaka mingi kabla ya kurudi darasani. Niliogopa kuliko alivyoogopa yeye. Nilianza na "Shikamoo mama," akajibu "Marahaba mwanangu," na shikamoo ile haikukoma hata tulipozoeana. Anayedhani heshima inapungua akishika chaki, hajui kwao.

Kwa mtu kama huyo usiulize "Umeelewa?" Atasema ndiyo, hawezi kukubali mbele ya mtoto kwamba hajaelewa. Sema hivi: "Mama, naomba unioneshe ungefanyaje, nione kama nami nakumbuka vizuri." Mlango unafunguka bila mtu kuvuliwa nguo. Kisha mruhusu naye akufundishe. Huyu mama alijua hesabu za ofisi za kweli, vocha, imprest, ukaguzi unavyokuja bila taarifa. Alinieleza mambo ambayo mimi nilikuwa nayajua kwenye kitabu tu.

Hili si geni nchini kwetu. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha Tabora na Pugu, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kampeni zilizofuata, wengi waliofundisha jioni hawakuwa walimu wa cheti. Walikuwa watu wanaojua kusoma, baadhi vijana waliomaliza darasa la saba tu, wanafundisha wakubwa wao chini ya mti. Na hapa hapa Arusha, pale Moshono, kuna shule ya St Jude iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, ambako vijana waliomaliza kidato cha sita wamekuwa wakijitolea mwaka mmoja kabla ya chuo kikuu, wengi wao wakifundisha katika shule za serikali zenye upungufu wa walimu. Kijana wa miaka ishirini anasimama mbele ya wadogo wake aliowaacha juzi. Nawe usitetemeke.

Mambo ambayo si somo

Siku moja mtu atakuja na daftari, na tatizo halimo kwenye daftari. Hajala tangu jana. Mkopo haujaingia, boom la wenzake limetoka la kwake halijatoka. Amefiwa. Ana mimba na hajamwambia mtu. Utajua kwa sababu macho yanasoma mstari mmoja mara nne. Funga kitabu, msikilize. Lakini usijifanye padre, wala daktari, wala benki. Mjue kwa jina mshauri wa wanafunzi wa chuo chako, mjue mlezi wenu wa kiroho, na ikibidi mpeleke kwa miguu yako, usimpe namba tu. Na kama anachohitaji usiku huo ni sahani ya makande, hicho unakiweza.

Kuhusu pesa: nimeona watu wakitoza buku kwa kichwa kwenye pindi, na sisemi ni dhambi, kila mtu na hali yake. Mimi sikutoza kwa ajili ya mkungu mmoja wa ndizi ninaoufahamu. Amueni wenyewe, ila asifukuzwe mtu kwa kukosa buku.

Na wewe pia una mitihani yako. Muhula wangu wa pili nilikuwa nakaa na watu siku tano kwa wiki, nikaanguka kwenye testi mbili za somo langu mwenyewe, na katika nafsi nilijiita mfiadini. Haikuwa hivyo. Nilikuwa napenda kuitwa kaka mwenye akili. Saa tatu kwa wiki zinatosha kwa anayeanza, wawili au watatu hadi sita kwa kikao. Anayekuja nje ya saa hizo mwambie kwa upole, "Alhamisi, mdogo wangu," halafu rudi kwenye kitabu chako.

Kijana wa Tengeru alifanya sapu yake, akapata C, ambayo pale chuoni ndiyo ya juu kabisa unayoweza kupewa kwenye sapu. Katika vikao vya mwisho nilikuwa nakaa meza ya pili nikisoma vyangu, yeye anafanya mtihani wa nyuma kwa saa, na akikwama ana ruhusa ya kuniuliza mara moja tu. Siku ya mwisho hakuniuliza hata hiyo moja. Aliniletea tu ndizi.

Jambo la mwisho, la siku ya mtihani wenyewe. Usisimame mlangoni ukiwasubiri watoke ili uwaulize swali la tatu wamejibu nini. Najua hamu inavyokuwa, unataka kujua kama kazi yako imeshika. Lakini kuna karatasi nyingine kesho asubuhi, na mtu akigundua saa sita mchana kwamba amekosea, hasomi tena mpaka jioni. Wasalimie, waache wakanywe chai.